Medea kwenye kona ya harusi: uchambuzi wa picha ya Rembrandt ya mwaka 1648

Kisa cha Medea kinajulikana kwa mwisho wake. Ukilitaja jina lake mbele ya mtu aliyewahi kusoma hadithi za Wagiriki wa kale, kinachomjia kwanza ni mama aliyewaua watoto wake wawili ili kumkomoa baba yao. Mwaka 1648, jijini Amsterdam, Rembrandt van Rijn alikichora kisa hicho kwenye bamba la shaba, na mwisho huo hakuugusa kabisa. Hakuchora damu, hakuchora maiti, wala gari la majoka ambalo Medea anapaa nalo. Alichora harusi.

Nataka kuichambua picha hiyo kama kesi, kwa sababu katika picha zote za Medea ninazozijua, hii ndiyo iliyomtendea haki zaidi. Rembrandt hamtetei kwa alichokuja kukifanya baadaye. Anaturudisha pale jambo lilipoanzia, na anatuweka karibu na mtu ambaye siku ile hakuna aliyemgeukia.

Yaliyoitangulia harusi

Jason, shujaa wa Kigiriki, alifika Colchis, pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, katika nchi ambayo leo ni Georgia, akitafuta ngozi ya kondoo dume yenye manyoya ya dhahabu. Mfalme Aeëtes hakumkatalia waziwazi. Alimpa masharti ya kumwangamiza: awafunge nira mafahali wanaopumua moto, alime nao shamba, apande meno ya joka, kisha apigane na askari watakaoota kutoka ardhini. Medea, binti wa mfalme na mjukuu wa Jua, alimpa Jason dawa ya kumkinga na moto, akamlaza joka aliyeilinda ngozi, halafu akapanda naye merikebu. Alimsaliti baba yake, na katika kukimbia kwao ndugu yake mwenyewe akauawa. Baada ya hapo hapakuwa tena na kwao pa kurudi.

Jason naye aliapa. Hili ndilo jambo analolishikilia Euripides katika tamthilia yake iliyochezwa Athens mwaka 431 KK. Mwanzoni kabisa, kabla Medea hajaonekana jukwaani, yaya wake anatueleza kwamba bibi yake ameshinda akilia, akivitaja viapo, akikumbusha mkono wa kuume aliopewa, akiiita miungu ishuhudie malipo anayolipwa. Mgogoro wa watu hawa wawili, tangu mwanzo, unahusu neno lililotolewa na kuvunjwa. Uchawi na sumu vinafuata baadaye.

Korintho walipohamia, walikuwa na watoto wawili wa kiume. Mfalme Creon akampenda Jason, akataka kumwoza binti yake. Katika Euripides binti huyo hana jina. Seneca, Mroma wa karne ya 1 BK aliyeandika naye tamthilia ya Medea, anamwita Creusa, na jina hilo ndilo waliloendelea nalo Waholanzi wa wakati wa Rembrandt.

Utetezi wa Jason upo, na Euripides ameuandika kwa ukamilifu. Anasema hakusukumwa na tamaa ya mwanamke mpya. Alitaka maisha mazuri kwa wote, na watoto wake wapate ndugu wa damu ya kifalme. Anamwambia Medea ashukuru kwa kutolewa katika nchi ya washenzi na kuletwa kwa Wagiriki, penye sheria. Hata ule msaada wa Colchis, anadai, ulikuwa kazi ya mungu wa mapenzi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kusuluhisha ndoa atazitambua hoja hizi mara moja: mume anaeleza kwa utulivu kwamba yote aliyoyafanya ni kwa faida ya yule yule aliyemwacha. Kisha Creon anakuja kumalizia, kwamba Medea afukuzwe mjini pamoja na watoto. Medea anaomba siku moja tu, anapewa, na siku hiyo inamtosha. Bibi harusi anapelekewa vazi lenye sumu linalomuunguza, na baba yake anakufa naye akiwa amemkumbatia. Watoto wanauawa. Medea anaondoka kwa gari la babu yake, na Jason anabaki chini akipiga kelele.

Bamba lenyewe

Picha hii si kubwa. Ina urefu wa sentimita 24 hivi na upana usiofika 18. Inafaa kueleza namna ilivyotengenezwa, maana maamuzi ya msanii yanaonekana humo humo kwenye kazi.

Bamba la shaba nyekundu hupakwa utando mwembamba wa nta iliyochanganywa na lami. Msanii huchora juu yake kwa sindano, akiukwangua utando bila kuichimba shaba. Bamba linapotiwa kwenye asidi, asidi huila shaba pale tu sindano ilipopita. Utando ukishaondolewa, wino husukumizwa ndani ya mifereji hiyo, uso wa bamba hufutwa, karatasi iliyoloweshwa kidogo hulazwa juu, na vyote viwili hupitishwa kwa nguvu kati ya silinda mbili. Kinachotoka kwenye karatasi kimegeuka: cha kushoto kimekuwa cha kulia. Medea tunayemkuta kwenye kona ya kulia, Rembrandt alimchora kushoto. Sehemu chache aliziongeza kwa kuikwaruza shaba yenyewe kwa ncha kali, bila asidi. Mikwaruzo ya namna hiyo huinua kingo za shaba zinazoshika wino mwingi na kutoa weusi laini, lakini kingo hizo hulala mapema kadiri nakala zinavyochapwa, na weusi ule hupotea.

Kwenye picha ya aina hii hakuna brashi ya kupakia giza. Giza hujengwa kwa mistari, mmoja baada ya mwingine, ikipishana na kubanana mpaka karatasi nyeupe isionekane. Kwa hiyo palipo na kivuli kizito, mtu alikaa hapo akafanya kazi. Tukiikuta sehemu nyeusi kwenye picha ya Rembrandt, tujue aliitaka iwe hivyo na aliigharimia muda.

Sasa tuingie ndani. Tuko kwenye jengo kubwa lenye matao na nguzo, refu kiasi kwamba watu wanaonekana wadogo. Ni hekalu la Kigiriki kwa mujibu wa kisa, lakini kwa macho linafanana zaidi na kanisa la Ulaya, na nadhani wanunuzi wa Amsterdam walijiona wako mahali wanapopajua. Kwa nyuma kidogo, juu, kuna madhabahu yanayofuka moshi. Mbele yake Jason na Creusa wanafungishwa ndoa na kuhani. Juu yao imekaa sanamu ya Juno, ambaye Wagiriki wanamwita Hera, mungu wa ndoa, na tausi wake yuko pembeni. Watu wamejaa. Mwanga uko upande wao.

Teremsha macho mpaka kona ya kulia chini. Kuna mwanamke mwenye gauni la thamani, refu mpaka linaburuta, na nyuma yake mtumishi amemshikia pindo. Hapa ndipo mistari ilipobanana. Mwanga wa madhabahuni haumfikii. Lakini yuko karibu nasi kuliko wote wanaohusika na jambo hili, na kwa sababu hiyo ni mkubwa kuliko bwana harusi, mkubwa kuliko bibi harusi, mkubwa kuliko kuhani. Huyo ndiye Medea.

Mtumishi yule asipitwe hivi hivi. Mtu anayeshikiwa pindo la nguo ni mtu wa hadhi, na anayetembea hivyo anatembea kwa sherehe. Rembrandt angeweza kabisa kumchora Medea akiwa amejificha nyuma ya nguzo, nywele timutimu, kama mchawi wa hadithi za watoto. Hakufanya hivyo. Medea wake amekuja kama binti wa mfalme na mke wa mtu, amevaa ipasavyo, anafuatwa na mtu wake. Kilichopungua ni mwaliko tu. Nikiitazama picha hii kwa ukaribu, kwenye nakala kubwa ambazo Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Uholanzi, imeziweka wazi mtandaoni, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Kivuli kimemfunika, lakini hakikumvua heshima.

Kwa nini harusi?

Wasanii waliomchora Medea wamekuwa na kawaida ya kwenda kwenye watoto. Timomachus, mchoraji wa zamani ambaye picha yake ya Medea ilinunuliwa na Julius Caesar na kuwekwa kwenye hekalu la Venus jijini Roma, alimchora kabla ya mauaji, akisitasita. Picha za ukutani zilizofukuliwa Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, zinamwonyesha amesimama na upanga, watoto wakicheza karibu. Karne mbili baada ya Rembrandt, mwaka 1838, Delacroix, mchoraji wa Ufaransa, alimchora akiwa amewakumbatia watoto kwa nguvu huku kisu kikiwa mkononi. Hizi ni kazi kubwa, na haki yake Timomachus naipa: kuchagua dakika ya kusita badala ya dakika ya kuua kulihitaji akili na huruma. Lakini katika zote hizo mkosaji ni mmoja, na yuko peke yake kwenye fremu. Jason hayupo. Anayetazama anaulizwa swali moja tu, kama mama huyu ataua au hataua.

Rembrandt alirudi nyuma zaidi ya wote. Kwenye bamba lake bado hakuna aliyekufa. Kosa pekee linalotendeka mbele ya macho yetu ni la Jason, na linatendeka hadharani, kwa baraka ya kuhani, mbele ya umati, na hakuna anayeliona kuwa kosa. Ndiyo maana naiita picha hii uchambuzi wa haki. Imeipanga kesi kwa mfuatano wake halisi.

Tena, tukio hili hakulikuta tayari kwenye maandishi. Picha ilitengenezwa kuandamana na tamthilia ya Medea iliyoandikwa na rafiki yake Jan Six na kuchapishwa Amsterdam mwaka huo huo wa 1648, lakini katika tamthilia hiyo ndoa haionyeshwi jukwaani. Kwa Seneca nako Medea haioni harusi. Anaisikia. Kundi la waimbaji linapita likiimba wimbo wa ndoa, naye anasema amekwisha, wimbo umempiga masikioni. Katika mashairi ya Seneca hilo linatosha, kwa sababu jukwaa linaishi kwa sauti. Mchoraji hana sauti. Rembrandt alilazimika kumleta Medea ndani ya jengo, na kwa kumleta ndani akabadilisha uzito wa jambo. Kusikia kwamba mumeo anaoa ni kitu kimoja. Kusimama chini ya paa lile lile na kumwona mbele ya kuhani akiapa kiapo alichokuapia wewe ni kitu kingine.

Na sisi tumewekwa wapi? Si pamoja na waalikwa. Tumesimama nyuma ya ukumbi, upande wa giza, hatua chache kutoka kwa Medea, tukiitazama harusi kutoka pale anapoitazama yeye. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mwanamke huyu kabla ya kuishika picha. Akishaishika, amesimama naye upande mmoja, atake asitake.

Juno na taji lake

Rembrandt alikuwa na tabia ya kulirudia bamba. Alichapa nakala kadhaa, akalitazama, akaongeza mistari au akafuta sehemu, akachapa tena. Kila hatua ya namna hiyo huhesabiwa na wataalamu kama awamu, na bamba la Medea lina awamu tano. Badiliko maarufu kuliko yote ni dogo kabisa: katika awamu za mwanzo Juno hana taji, kisha katika awamu za baadaye analo.

Badiliko hili lilipata sifa isiyolingana na ukubwa wake. Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Uholanzi mwaka 1718, anasimulia kwamba Rembrandt alipata umaarufu na fedha nyingi kwa kubadilisha vitu vidogo ili picha iuzike upya. Anasema wapenzi wa picha walifikia mahali ambapo mtu hakuhesabiwa kuwa mjuzi wa kweli kama hakuwa na Juno mwenye taji na Juno asiye na taji, vyote viwili. Houbraken alifundishwa na Samuel van Hoogstraten, aliyekuwa mwanafunzi wa Rembrandt, kwa hiyo maneno hayo hakuyaokota mbali. Kwamba watu walikimbizana kuzipata nakala zote mbili, naamini. Ila hilo halinitoshi kama maelezo ya taji lenyewe.

Fikiria Juno ni nani kwenye kisa hiki. Ndiye mlinzi wa ndoa. Ndiye pia aliyempenda Jason na kumlinda katika safari yote ya Argo, merikebu yake. Na katika hadithi zote za Wagiriki na Warumi yeye mwenyewe ndiye mke anayesalitiwa kuliko wote, kwa kuwa mumewe, Jupita, hakuna binti aliyemwacha salama. Tamthilia ya Seneca inaanza kwa Medea kuiita miungu ya ndoa na mlinzi wa kitanda cha ndoa. Kwa Euripides, mwishoni, Medea anasema atawazika watoto wake katika eneo takatifu la Hera. Mungu huyu yuko mwanzo na mwisho wa jambo hili, na Rembrandt amemkalisha juu ya kila mtu.

Asipokuwa na taji, anaweza kupita kama sanamu tu ya hekaluni, sehemu ya mapambo. Akivishwa taji, anakuwa malkia wa miungu, aliyekaa kwenye kiti chake akiwa shahidi wa viapo viwili: kile cha zamani ambacho Medea anamkumbusha, na hiki kipya kinachotolewa miguuni pake. Viapo hivyo haviwezi kusimama pamoja. Na tazama mpangilio ulivyo: Juno juu, mwangani, Medea chini, gizani, na katikati yao watu wawili wadogo wanaodhani sherehe ni yao. Wanawake wawili waliosalitiwa ndio wameishika picha pande zake mbili. Taji linaufanya mpangilio huo usomeke. Hata kama lilileta fedha, kazi liliifanya.

Mistari minne ya mashtaka

Katika awamu ya nne mistari minne ya shairi, inayohesabiwa kuwa ya Six, iliongezwa chini ya picha. Maana yake, kwa ufupi, ni hii: Creusa na Jason hapa wanaahidiana uaminifu, Medea, mke wa Jason, aliyesukumwa pembeni isivyostahili, anachochewa na uchungu, kisasi kinamwongoza, ole, usaliti, gharama yako ni kubwa kiasi gani!

Jan Six, aliyeitunga Medea, alizaliwa mwaka 1618 katika ukoo tajiri wa wafanyabiashara wa nguo na rangi, wenye asili ya Kiprotestanti kutoka kaskazini mwa Ufaransa. Rembrandt alikuwa amemchora mwaka mmoja kabla, kwenye picha nyingine ya bamba, akiwa amesimama dirishani anasoma, mwanga ukimpiga usoni na kwenye karatasi. Mwaka 1654 akampaka rangi kwenye turubai, picha ambayo mpaka leo ipo mikononi mwa ukoo wa Six jijini Amsterdam na wengi wanaihesabu miongoni mwa sura bora kabisa alizowahi kuchora.

Six angeweza kuandika, kama wengi, kuhusu mwanamke katili na uchawi wake. Shairi linakwenda kwingine. Mstari wa pili unamwita Medea mke wa Jason, na unamwita hivyo wakati ndoa ya pili inafungwa. Kwa shairi hili ndoa ya kwanza haijafa. Mstari wa mwisho nao, unapofika mahali pa kulaumu, haumlaumu mwenye kisu. Unausemesha usaliti wenyewe, kama mtu anayesimama mbele ya hakimu, na kumwambia bei yake. Miili yote itakayolala Korintho imeandikwa kwenye hesabu hiyo.

Sikubaliani na Six kwa kila kitu. Watoto wawili hawakuvunja kiapo cha mtu, na Creusa alikuwa binti aliyeozwa na baba yake. Kuwaweka wote chini ya kosa la Jason kunampunguzia Medea mzigo ambao ni wake. Picha ina uangalifu zaidi kuliko shairi hapo: haisemi nani atalipa, na haiahidi kwamba atakayelipa ndiye aliyekosa. Inaonyesha tu deni linavyoanza.

Nyumba ya Rembrandt mwaka huo

Sehemu hii haipendezi, lakini uchambuzi ungekuwa na pengo bila yake.

Mke wa Rembrandt, Saskia, alifariki mwaka 1642 akimwacha mtoto wao Titus akiwa hajafikisha hata mwaka mmoja. Geertje Dircx, mjane wa mpiga tarumbeta wa melini, aliletwa kumlea mtoto, na baadaye akawa akiishi na Rembrandt kama mke. Januari 1648 Geertje aliandika wosia uliomfanya Titus kuwa mrithi wake. Ndani ya muda huo huo akaingia nyumbani mwanamke mwingine, kijana zaidi, Hendrickje Stoffels. Mwaka 1649 Geertje akaondoka na kumshtaki Rembrandt mbele ya makamishna wa masuala ya ndoa wa Amsterdam. Alisema aliahidiwa ndoa na kupewa pete. Rembrandt akakana ahadi. Hakuitika miito ya mwanzo, na alipofika, Oktoba 1649, makamishna wakaamuru amlipe Geertje gilda 200, fedha ya Uholanzi ya wakati huo, kila mwaka maisha yake yote.

Haikuishia hapo. Geertje alikuwa ameweka rehani vito vilivyokuwa vya Saskia. Mwaka 1650 akafungwa katika nyumba ya kurekebisha tabia huko Gouda, kwa juhudi ambazo Rembrandt alishiriki na kuzilipia. Alikaa humo kama miaka mitano mpaka rafiki zake walipomtoa mwaka 1655.

Je, Medea wa kwenye bamba ni Geertje? Tarehe hazikubali kirahisi: bamba ni la 1648, kesi ni ya 1649, na kazi yenyewe iliandamana na tamthilia ya rafiki. Sioni sababu ya kuigeuza picha kuwa ungamo. Ninachokiona ni kizito zaidi ya hapo. Mtu aliyeweza kumpa mwanamke aliyeachwa nafasi ya karibu kabisa na mtazamaji, akamvisha heshima, akampangia mungu wa ndoa awe shahidi wake, ndiye mtu yule yule ambaye ndani ya miaka miwili alimtuma mwanamke aliyeachwa kwenda kufungiwa. Alijua. Mkono wake ulijua maumivu hayo yanakaa upande gani wa ukumbi. Kujua kwake hakukumsaidia Geertje hata kidogo, na sioni namna ya kuipenda picha hii kwa uaminifu huku nikilikwepa hilo.

Bamba na marafiki baada ya hapo

Urafiki wa Six na Rembrandt ulidumu kwa muda. Mwaka 1652 Rembrandt alichora michoro miwili kwenye albamu ya Six, na mwaka 1653 Six alimkopesha gilda 1,000 bila riba. Mkopo huo baadaye ukahamishiwa kwa mtu mwingine aliyeudai, na mwaka 1656 Rembrandt akasalimisha mali zake kwa kushindwa kulipa madeni. Six kwa upande wake alioa mwaka 1655. Bibi harusi alikuwa Margaretha Tulp, binti wa daktari Nicolaes Tulp, yule aliyechorwa na Rembrandt mwaka 1632 akiwafundisha madaktari wapasuaji juu ya maiti. Tulp alikuwa meya wa Amsterdam, na kwa nafasi hiyo mkwewe akateuliwa kuwa kamishna wa masuala ya ndoa. Mtunzi wa Medea akawa amekaa kwenye baraza lile lile lililosikiliza malalamiko ya Geertje miaka michache kabla. Mwaka 1691 akawa meya yeye mwenyewe, na akafariki mwaka 1700.

Bamba nalo lilipitia badiliko moja la mwisho. Katika awamu ya tano ukanda wa chini wenye shairi ulikatwa. Nakala za awamu hiyo hazina mistari minne, hazina jina la Medea wala la Jason, na asiyejua kisa anaweza kudhani anaangalia sherehe ya kanisani tu. Kwa anayetaka kuisoma picha hii vizuri, ushauri wangu ni aanze na nakala yenye mashairi, ajue nani ni nani, kisha aitafute isiyo nayo. Kwenye hiyo ya pili maneno ya Six hayapo tena kumwongoza, na ataweza kuamua mwenyewe kama mashtaka yalikuwa kwenye shairi au yalikuwa tayari kwenye mpangilio wa watu ukumbini. Mimi nimeshasema ninapoyaona.